Maziwa ya Mama Muhirwa

"Viviane, fungua. Ni miye."

Viviane alisimama nyuma ya mlango wa duka lake, paji la uso limegusa mbao, na hakufungua.

"Mutoto, niko naona kivuli yako apo chini ya mulango. Fungua. Nimekuletea maziwa."

Alichungulia kwenye ufa. Mama Mukarukundo, mama wa mchumba wake Muhirwa, alikuwa amesimama kwenye vumbi la Rubondo, mtaa wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kavaa kitenge cha Jumapili ilhali ilikuwa siku ya kazi. Mikononi alikuwa na kile kikombe chake cha mti chenye kifuniko cha ukindu kilichochongoka. Viviane akakishika kitasa, akakiachia. Alijua kikombe kile kimekuja kufanya nini.

Kwao Muhirwa, watu wa ng'ombe, mama akimkubali mchumba wa mwanawe anamletea maziwa. Anaonja yeye kwanza, kisha anampa binti chombo kilekile. Ukinywa, umekuwa mtoto wa nyumba. Ukikataa, hakuna atakayekuuliza mara ya pili. Na Viviane, Mfuliru, mtoto wa watu wa jembe, alikuwa ameyangojea maziwa hayo mpaka shingo ikachoka.

"Mama, unisamehe. Siwezi kufungua."

"Juu ya nini? Uko mugonjwa?"

"Apana, Mama."

"Uko na mutu mule ndani?"

"Apana."

"Basi fungua, ukunywe. Mi nimekwisha kuonja."

"Mama, siwezi kukunywa ayo maziwa."

Kisha akasikia kifuniko kikirudishwa juu ya kikombe, taratibu.

"Aya. Nimesikia."

Ndala zikaondoka. Viviane akakaa chini kati ya ndoo tupu ya mafuta na gunia la unga, akalia huku amejiziba mdomo kwa kanga.

Msimhukumu haraka. Mwaka ule ugonjwa wa kutoka damu ulitajwa mjini Mbarara, na hofu ikafika Nakivale kabla ya ugonjwa wenyewe. Magari yakasimamishwa, soko likafungwa, kupeana mikono kukakatazwa. Maduka ya chakula tu ndiyo yaliruhusiwa, tena kwa ndoo ya maji ya dawa mlangoni. Muhirwa alikuwa amekwenda Mbarara kununua bidhaa za wote wawili: sabuni na chumvi za duka la Viviane, sukari na majani ya kibanda chake cha chai na maziwa, ambacho kiliegemea ukuta wa duka hilo. Barabara ikafungwa yeye akiwa hukohuko.

Viviane akabaki anauza alichonacho, kipande kwa kipande. Mpaka siku Mama Perpétue, mteja wake, alipoingia kuulizia sabuni. Alikuwa ametoka msibani huko nje ya kambi. Kabla hajajibiwa akaanguka. Viviane aliruka meza, akamlaza kichwa mapajani, akamfuta damu ya pua kwa kanga yake mwenyewe. Gari la wagonjwa lilipofika, njia ikiwa tupu na majirani wamejifungia kwa hofu, alikuwa angali anamshika mkono. Mama yule akafia njiani.

Jioni ile alikuja Nathalie, rafiki yake aliyejitolea kwenye kazi za afya. Akasimama mbali.

"Vivi, batu ba gari ya bagonjwa banasema ulimushika."

"Ningemuacha chini kama gunia?"

"Basi unabaki mu nyumba wiki tatu. Usifungue duka, usigusane na mutu. Nitakuya kila asubui kukupima homa apa ku dirisha."

"Sawa. Lakini usiambie mutu. Muhirwa akisikia, atapita mu pori kwa miguu mupaka apa. Bamufunge njiani, ao mi nimuambukize."

"Na mama yake?"

"Mama yake akijua, Muhirwa atajua mbele jua halijazama."

Hapo ndipo lilipofungwa duka, na hiyo ndiyo sababu maziwa yalirudi nyumbani.

Siku hiyo ya maziwa, jua lilikuwa halijashuka sana simu ilipolia. Ilikuwa imebaki na moto kidogo, na fundi wa kuchaji alikuwa upande wa pili wa njia, mahali ambapo Viviane hakuweza kwenda wala kumpa mtu kifaa alichokishika.

"Viviane, mama amenipigia. Anasema ulikataa maziwa."

"Njo vile."

"Njo vile tu? Hauna neno lingine?"

"Muhirwa, naomba univumilie."

"Nimekuvumilia. Mi niko uku Mbarara nalala chini, katoni za sabuni yako njo mto yangu. Nachunga vitu vya duka yako, na wewe unafungia mama yangu mulango? Unajua amegombana na bajomba bangapi juu yako?"

"Najua."

"Kuko mwanaume mwingine?"

"Apana."

"Basi sema ni nini."

Alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale pale, ulimini. Akamwona Muhirwa akifunga kamba za viatu, akiuacha mji, akikwepa kizuizi baada ya kizuizi. Akayameza.

"Siwezi kusema leo."

Muhirwa akavuta pumzi ndefu.

"Kwetu, mutu akikataa maziwa haulizwi mara ya pili. Mi niko nakuuliza mara ya pili. Unanitaka, ao haunitaki?"

"Nakut..."

Simu ikazima. Kioo kikawa cheusi tii. Alikibonyeza, akakipuliza, akakisugua kwenye gauni, wapi. Huko Mbarara mwanaume mmoja alikuwa amekatiwa simu, basi, na alikuwa na haki ya kuelewa alivyoelewa.

Upweke ulimwingia hasa siku zilizofuata. Nyanya zilioza, akazifukia uani. Unga ukaingia wadudu. Asubuhi alifuta mizani, akapanga vipande vya mwisho vya sabuni, kisha akakaa nyuma ya meza kana kwamba mtu atakuja. Siku nyingine alisema kwa sauti, "Karibu, Mama," apate tu kusikia duka lake linasikikaje.

Jambo lililomwuma zaidi lilikuwa ule ukuta. Zamani, chai ikiiva, Muhirwa alikuwa akiugonga kwa kijiko kutoka upande wake, naye anajibu kwa jiwe la mizani. Sasa aligonga yeye, akangoja. Upande wa pili panya akakimbia.

Ikafika siku ya mgao wa chakula. Hiyo ndiyo siku ya maduka madogo. Watu wanapokea mahindi na maharage, wanauza kidogo, wananunua chumvi, sabuni, mafuta. Alisikia miguu yao, alisikia mlango ukigongwa.

"Haiko anafungua?"

"Ameficha sabuni, apandishe bei. Bafanyabiashara njo vile."

"Tena amekataa maziwa ya bale bazee. Anajiona."

Viviane alikuwa amekumbatia magoti, sabuni yenyewe ikiwa mbele ya macho yake. Aliwachukia kwa muda, kisha akawatamani. Angekubali hata watukane, mradi wasiondoke. Waliondoka.

Asubuhi moja Nathalie alipofika dirishani hakuanza na homa.

"Muhirwa amenipigia."

"Ulimuambia?"

"Sikumuambia kitu. Aliniuliza neno moja tu: 'Siku ya mugao, Viviane alifungua duka?'"

Viviane akashika nondo za dirisha.

"Ukajibu nini?"

"Nilinyamaza. Kisha akasema: 'Kama angekuwa na mwanaume, angefungua. Kama angekuwa na hasira na mama, angefungua. Ule mutu alifungua siku ya mugao ata wiki alizika baba yake. Nathalie, nasikia muteja yake Mama Perpétue alikufa. Ni nani alimushika?'"

"Mungu wangu. Na sasa anakuya?"

"Alilia kwanza. Halafu akasema: 'Muambie sitakuya, juu najua njo kitu anaogopa. Muambie swali yangu ya mara ya pili bado nangoja jibu.'"

Viviane aligeuza uso. Kwa mara ya kwanza tangu mlango ufungwe alicheka, machozi yakimfika kidevuni.

"Muambie jibu nitamupa miye mwenyewe."

Wiki tatu zikaisha, homa haikuja. Mpaka leo hakuna aliyeambiwa Mama Perpétue alikufa kwa ugonjwa gani. Viviane alifungua mlango, mwanga ukamchoma macho, akaweka ndoo ya maji ya dawa na kusimama nyuma ya meza. Watu walipita upande wa pili wa njia. Wengine walimtazama, hakuna aliyevuka.

Kisha akakiona kitenge cha Jumapili.

Mama Mukarukundo alinawa, akaingia, akaweka kikombe cha mti mezani. Kando yake akaweka simu, sauti imefunguliwa.

"Mama, nilitaka kukueleza..."

"Nyamaza kwanza. Kwetu hatuulizi mara ya pili. Lakini mutoto yangu amekwisha kuharibu desturi, basi na miye naharibu." Akaonja, akamsogezea. "Muhirwa amenieleza: uliogopa kuniua, na mi nikakutangaza kila fasi kwamba unajiona. Nisamehe. Kunywa."

Viviane akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa hajashika kitu kilichotoka mkononi mwa mtu tangu Perpétue.

"Mama, anakunywa?" sauti ya Muhirwa ikauliza toka mezani.

"Wewe, acha mutu akunywe."

Aliyanywa yote. Yalikuwa ya uvuguvugu, yananukia moshi wa kile kikombe. Alipomaliza akaisogelea simu.

"Muhirwa. Nakutaka."

"Nimesikia," Muhirwa akasema.

Mama Mukarukundo akatoka mlangoni, akapaza sauti ili majirani wote waipate: "Viviane, mukwe yangu, niuzie chumvi." Akakaa kwenye ngazi na chumvi yake mapajani, hakuondoka mpaka mama mwingine alipovuka njia, na mwingine nyuma yake.

Magari yaliporuhusiwa, Viviane hakuambiwa siku ya Muhirwa kurudi. Alikuwa ameinama anachekecha unga, anatoa wadudu, duka halina mtu, aliposikia ukuta unagongwa kwa kijiko.

Aliacha chekecheke. Akatafuta jiwe la mizani, akalikosa, machozi hayakumwacha aone. Basi akagonga kwa mkono.