Kurasa Zilizoshonwa kwa Uzi Mwekundu

Haya yalimpata mdogo wangu Hamida, hapahapa Dodoma, mtaa wa Nkuhungu, saa nne asubuhi jua likiwaka. Nasema saa nne ili mtu asiniletee habari za ndoto.

Hamida hununua majarida ya zamani, anakata matangazo ya sabuni, redio na baiskeli kwa wembe, anayapiga picha na kuyauza mtandaoni kwa watu wa mbali wanaoyakusanya. Nilizoea kumtania kwamba anauza takataka za marehemu. Simtanii tena.

Sanduku la mwisho alilitoa Kongwa, kwa Brighton, aliyefiwa na mama yake, Dorothea. Ndani mlikuwa na jarida moja ambalo kurasa zake mbili zimeshonwa pamoja kwa uzi mwekundu.

"Dada, hilo usilifumue," Brighton alimwambia. "Mama alilishona mwenyewe. Kwenye tangazo ni yeye na dada yangu mchanga. Mtoto alifariki kabla jarida halijatoka."

Hamida akaitikia. Lakini anaijua kazi yake: ukurasa usioona mwanga haupauki, na wakusanyaji huugombania. Akafumua, nami nikiwepo. Lilikuwa tangazo la sabuni: mama kijana anacheka, amembeba mtoto ndani ya taulo jeupe, mkono mmoja una povu la sabuni. Rangi mbichi kabisa. Akapiga picha, akaiweka mtandaoni.

Kesho yake mteja mmoja wa Denmark akaandika: "Nakala ninayoijua ina mtoto. Kwenye hii yako taulo ni tupu. Mtoto yuko wapi?"

Tukautazama ukurasa wenyewe. Taulo lilikuwa tupu. Mama hacheki tena.

Chumbani, binti wa Hamida, Nasra, mwenye miaka minne, alikuwa anaimba taratibu. Tulimkuta sakafuni, amekumbatia taulo, anabembeleza. Sakafu imelowa. Chumba kizima kinanuka sabuni.

"Amelala," akanong'ona. "Mama yake anakuja kumchukua. Na mimi nitaenda nao."

Hamida akaanza kulia. Mimi niliogopa, sioni haya kusema. Nikalichukua lile taulo. Lilikuwa zito. Kisha uzito ule ukajinyoosha mikononi mwangu.

Nikalilaza juu ya ukurasa. Likawa jepesi. Hamida akafunga jarida bila kutazama ndani, akashona huku akijichoma sindano. Siku hiyohiyo tukamrudishia Brighton, na picha ya mtandaoni tukaifuta.

Wiki iliyopita yule mteja aliandika tena. Picha alikuwa ameihifadhi kwake, akatutumia. "Sasa mtoto yupo," alisema. "Ila huyu binti wa gauni la njano ni nani?"

Mama kijana anacheka. Mchanga yumo kwenye taulo. Na ule mkono wenye povu umeshika pindo la gauni la Nasra.

Nasra yupo, anacheza uani. Gauni tumelianika siku saba, kwenye jua hili la Dodoma. Pindo bado halijakauka.