Kandambili ya Bibi Rasathi

Kila jioni, Thenmozhi akitoka shule, nyumba yao mjini Coimbatore, India, ilinguruma. Mama yake aliuza idli, vitumbua vya kupikwa kwa mvuke, na mchele na dengu za kesho yake zilisagwa saa hizo. Ubavuni mwa mashine ya kusagia palikuwa na jina la Bibi Rasathi, na Mama alikuwa akilipangusa kama picha ya harusi.

"Huyu alianza kwa kuchonga mawe ya kusagia uani kwake," alipenda kusema. "Leo ana kiwanda cha mashine hizi na shule tatu. Halafu mtu aniambie mwanamke hawezi mashine!"

Mwaka huo Bibi Rasathi alikuwa anafungua shule ya nne, yenye bweni. Watoto thelathini wangesomeshwa bure mpaka chuo, kwa sharti moja tu: kila mmoja alete kitu alichokiunda kwa mikono yake. Thenmozhi, msichana wa miaka kumi na miwili, aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona. Kwa majuma matatu aliunda pampu ndogo ya maji kwa makopo, mrija na mpira wa kandambili kuukuu. Ilivuta maji kweli, lakini ilimlowesha miguu.

Mjomba Kathirvel, fundi wa mota, alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Hii pampu au mtoto mchanga? Niachie mimi!"

Baada ya siku mbili akaleta pampu inayong'aa, isiyodondosha hata tone. Thenmozhi aliitazama, akaitazama na ya kwake. Jumamosi asubuhi, siku ya usaili, akabeba ya Mjomba, akaenda na Mama na Mjomba mwenyewe.

Ukumbini mwa shule mpya pampu ile ilipigiwa makofi. Kisha Bibi Rasathi, miwani imemshuka puani, akaketi mkekani na kugawa bisibisi na spana.

"Haya, wahandisi wangu. Zifungueni, mziunge tena, mnieleze kila kipande kina kazi gani."

Thenmozhi alilegeza parafujo moja tu, kitu kikaruka na kuviringika chini ya kiti. Hakujua ni nini wala kimetoka wapi. Mlangoni Mjomba alimwashiria kwa mikono yote miwili: kushoto, kushoto!

"Yule baba anafukuza nzi?" Bibi Rasathi akauliza. Watu wakaangua kicheko.

Thenmozhi hakucheka. Aliiona nafasi yake ikienda hivi hivi. "Bibi, hii si yangu," akasema. "Aliitengeneza Mjomba. Yangu iko nyumbani, nayo inavuja."

Bibi Rasathi akaisukuma miwani juu.

"Kailete. Nipo mpaka adhuhuri."

Alitimua mbio, akarudi akihema. Walipoitia maji, pampu ikavuja vilevile na kumlowesha Bibi Rasathi sari. Thenmozhi alitamani ardhi immeze.

"Inavujia wapi?"

"Hapa kwenye kiungo, Bibi. Mpira wake ni mwembamba, nikiukaza unapasuka. Nadhani nikiongeza wa pili..."

"Sasa unangoja nini? Nenda mlangoni kwenye viatu. Kandambili ya bluu ni yangu. Kata."

"Kandambili yako, Bibi?"

"Kata, mtoto!"

Alikata. Alifungua vipande vyote kumi na vinne, akavitaja kimoja kimoja, akaviunga bila kumtazama mtu. Maji yakapanda. Chini likadondoka tone moja, kisha basi.

"Mashine yangu ya kwanza ilitema unga mpaka darini," Bibi Rasathi alisema akitabasamu. "Sikiliza, binti. Ningetaka pampu nzuri, nafasi ningempa mjomba wako. Namtaka mtoto anayesema kweli hata ikimuumiza, na anayeijua kazi yake. Kitu ulichotengenezewa kikiharibika, utabaki umekodoa macho. Ulichokihangaikia mwenyewe, utajua pa kuanzia. Karibu shuleni kwangu."

Mama alilia na kucheka kwa pamoja, akimwambia kila aliyepita, "Ni wangu huyo! Ni wangu!"

"Nitakuja kukutembelea bwenini," Mjomba akasema, akijikuna kichwa kwa aibu.

"Njoo, Mjomba. Ila bisibisi uiache nyumbani."

Nje, mwenye kiwanda na shule nne alikuwa analiendea gari lake, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu, kichwa juu.