Utepe wa Chupa ya Tindikali

Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikala harakaharaka, kisha nikaenda karakana kumwangalia mdogo wangu. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Baba alikuwa fundi betri. Betri za magari zilipangwa juu ya ubao mrefu, mashine ya kuchajia ilivuma kutwa nzima, na hewa ilikuwa na harufu kali ya kuchoma pua. Suruali zote za Baba zilikuwa na matundu madogomadogo, na Mama, aliyefanya kazi kiwandani mpaka jioni, alikwishachoka kuzitia viraka.

Matundu hayo yalitokana na tindikali, maji makali yanayotiwa ndani ya betri mpya. Ukiyatazama, huwezi kuyatofautisha na maji ya kunywa. Baba aliyaweka katika chupa ya plastiki aliyoizungushia utepe mwekundu, na chupa hiyo ilikaa kwenye rafu ya juu kabisa.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Tulimwita Kasuku kwa sababu kila alichokisikia alikirudia, hata matusi ya madereva. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa jinsi nilivyopenda kumfundisha, mtaa mzima uliniita Mwalimu. Nilivimba kichwa, sikatai.

"Kasuku, utepe mwekundu ni nini?" nilimuuliza mbele ya wateja.

"Hatari!"

"Tunaigusa?"

"Hatuigusi! Inaunguza!"

Wateja walicheka na kumpigia makofi. Baba naye aliridhika, akaishusha chupa hadi rafu ya chini ili asipate taabu ya kupanda kigoda kila mara. "Mtoto ameshaelewa," alisema. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa hakuna aliyeona.

Jumapili moja alikuja Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa mwalimu wa chekechea. Kila alipokuja alicheza na Kasuku mchezo wa darasani kwake: akisema "Vikombe chini, mikono nyuma!" mtoto aliweka chini alichoshika na kupeleka mikono nyuma. Alichukua glasi mbili fupi zinazolingana, akazijaza maji sawasawa mbele ya Kasuku. Kisha akamimina maji ya glasi moja ndani ya glasi nyembamba, ndefu.

"Wapi kuna maji mengi?"

"Hii ndefu!" alijibu Kasuku bila kusita.

Niliangua kicheko. "Huyu mjinga kweli! Si maji ni yaleyale?"

Shangazi hakucheka. "Si mjinga, mwanangu. Ni mdogo. Umri wake unamfanya aamini anachokiona kwa macho. Hata wewe ulinijibu hivyohivyo ulipokuwa kama yeye." Kisha akaitazama ile rafu ya chini. "Na hilo somo la utepe, una hakika amelielewa, au amelikariri tu?"

"Amelielewa, Shangazi. Muulize uone!"

Alimuuliza, na Kasuku akajibu kila neno. Shangazi alitikisa kichwa, akamwambia Baba airudishe chupa juu. Baba alisema atairudisha. Hakuirudisha.

Siku nne baadaye tulikuwa na mashindano ya kuruka kamba mtaani, na kila timu ilitakiwa kuwa na rangi yake. Yetu ilikuwa nyekundu. Nilitafuta utepe nyumba nzima nikakosa. Basi nikainama mbele ya rafu, nikaubandua ule wa kwenye chupa taratibu ili usikatike. Nilijiambia nitaurudisha kesho yake. Nilipoinuka nilimkuta Kasuku amesimama nyuma yangu.

"Dada, umeitoa hatari?"

"Eeh, nimeitoa," nilijibu nikicheka. "Kacheze."

Nilizungusha utepe kwenye ncha za kamba, nikaenda kuwaringia wenzangu.

Alasiri iliyofuata, utepe ukiwa bado kwenye kamba yangu, jua lilikuwa kali, hata mbwa wa mtaani walilala chini ya magari. Baba alikuwa ng'ambo ya barabara akifunga betri ya teksi. Alikuwa ameniambia nisiondoke karakana, lakini wenzangu waliniita, nami nikaona mlangoni si mbali.

"Kasuku, njoo utushikie kamba!"

Alichungulia, akaiona kamba, akarudi nyuma. Macho yalimtoka. "Sitaki! Ina hatari! Inaunguza!"

Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka, naye akakimbilia ndani. Niliruka mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha miguu ikagoma yenyewe. Kama hatari ilikuwa kwenye kamba yangu, basi kwa Kasuku kule kwenye chupa haikuwepo tena.

Nilikimbia ndani. Kasuku alikuwa amekaa sakafuni. Alikuwa na glasi fupi na glasi ndefu, na kati ya glasi hizo chupa tupu ya tindikali, kizibo kikiwa kimeviringika pembeni. Sakafu ilikuwa imelowa. Aliinua ile glasi ndefu kwa mikono miwili.

"Dada, mimi nakunywa hii. Ina maji mengi."

Nilitaka kupiga kelele, lakini niliogopa angeshtuka na kujimwagia usoni. Sijui akili ile niliitoa wapi. Nilikumbuka maneno ambayo Shangazi huwaambia wanafunzi wake wadogo, ambayo Kasuku aliyajua kama jina lake.

"Vikombe chini," nilisema kwa sauti ya upole, "mikono nyuma!"

Alinitazama. Glasi ilikuwa karibu na midomo. Kisha, polepole mno, aliiweka sakafuni, akapeleka mikono nyuma. Nilimnyakua nikamtoa nje, na hapo ndipo nilipomwita Baba kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

Kaptura yake ilikuwa imelowa, na paja lilianza kuwa jekundu. Baba alimvua nguo, akamweka chini ya bomba la uani na kuyaacha maji yamtiririkie kwa muda mrefu, mtoto akilia hadi sauti ikamkauka. Kisha tukamkimbiza zahanati. Daktari alisema kovu litabaki, ila kama angekunywa hata funda moja, yangekuwa mengine.

Jioni Mama na Shangazi walikuwa nyumbani. Baba alikuwa akizunguka chumbani, hasira zimempanda.

"Mtoto mkaidi! Kila siku anafundishwa! Akipona, nitamtia adabu!"

Kasuku alijikunja mapajani kwa Mama. Nilijua nikinyamaza hakuna atakayejua. Nilikwenda kuichukua kamba, nikaiweka mbele ya Baba.

"Si mkaidi, Baba. Utepe niliubandua mimi. Aliniuliza kama nimeitoa hatari, nikamwambia ndiyo. Na sikukaa karakana kama ulivyoniagiza."

Baba aliiokota kamba. Shangazi alimwinamia Kasuku. "Hebu nionyeshe, hatari iko wapi?"

Kidole kidogo kilinyooka, kikaielekea kamba. Si chupa. Mama alifunika uso kwa mikono.

"Mnaona?" alisema Shangazi. "Huyu hakukaidi. Alitii alichofundishwa, tena alitii vizuri kuliko ninyi nyote. Mlimpa neno na rangi, mkadhani mmempa maana. Akili ya mtoto hukua hatua kwa hatua kama miguu yake, na mkubwa ndiye anayepaswa kujua imefika hatua gani. Mpaka atakapoifikia hiyo maana, anayemlinda si wimbo anaouimba. Ni sisi."

"Kosa ni langu pia," Baba alisema kwa sauti ya chini. "Dada, uliniambia niirudishe chupa juu." Kesho yake alitengeneza kabati la mbao lenye kufuli, akalifunga, na ufunguo akauvaa shingoni.

Shangazi alinigeukia mimi. "Umesema kweli, na umemwokoa ndugu yako. Lakini kama unataka uitwe Mwalimu, usifurahie jibu sahihi tu. Muulize mtoto kwa njia nyingine. Naye akikuuliza swali, acha kila kitu, usikilize."

Niliikata ile kamba nikaitupa. Kasuku aliniuliza hatari imekwenda wapi. Nilikaa sakafuni karibu naye, nikamuuliza yeye anafikiri imekwenda wapi, na safari hii nilimsikiliza mpaka mwisho.