Msumari wa Chumba cha Mwisho

Haya yalimpata rafiki yangu Muriithi, na yeye si mtu wa kutia chumvi. Aliitwa atundike picha za wachoraji wa Nyeri na Meru katika nyumba kuukuu ya wageni kule Timau, picha moja kila chumba. Ilikuwa adhuhuri, lakini ukungu ulikuwa mzito, stima imepotea, na korido ilikuwa giza tupu.

Alipogonga msumari chumba cha kwanza, alisikia nyundo nyingine ikigonga chumba cha mwisho. Akatulia, nayo ikatulia. Alipoanza tena, ikaanza.

Akahisi anachezewa shere. Akamfuata Magdaline, mtunzaji wa nyumba, jikoni.

"Mama, kwani mmeleta fundi mwingine? Kama hamnitaki si mseme tu!"

"Ati fundi mwingine? Ni wewe tu uko hapa. Hata nilikuwa nakuja kukuuliza mbona unagonga huko mwisho."

Walikuwa bado wanatazamana, nyundo mkononi mwa Muriithi, iliposikika tena: ngo! ngo! ngo! Kisha kimya.

Wakaenda pamoja na tochi. Magdaline akafungua kufuli la chumba kile. Vumbi lilitanda sakafuni bila alama hata moja ya mguu. Ukutani palikuwa na msumari mmoja, umeliwa na kutu, utando wa buibui umeufunika hadi kichwani.

"Huo ni wa kitambo," Magdaline akanong'ona.

Muriithi aliugusa, akaurudisha mkono upesi. Ulikuwa na lile joto ambalo kila fundi analijua, la msumari uliotoka kugongwa sasa hivi.