Chupa Alizotikisa Tamsin

Kila Jumamosi asubuhi kikundi cha vijana wa mji mmoja kilipanda Dartmoor, nyika ya vilima huko Uingereza, mabegi mgongoni, kujifua kwa ajili ya mwendo mrefu wa Mei: vilele kumi vya mawe kwa siku mbili, bila mtu mzima kuwashika mkono. Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Ruan alishika ramani. Jory, mdogo wao, alibeba sufuria na jiko. Tamsin alisimamia maji.

Jumamosi hiyo walipofika kwenye kijito, Tamsin alifungua mfuko wa begi akaukuta mtupu. Vidonge vya kusafishia maji vilibaki nyumbani, mezani, kando ya kikombe cha chai. Wiki iliyotangulia alisahau vigingi vya hema, na Ruan akamtania njia nzima.

"Vipi, leo umesahau kichwa?" Ruan akauliza.

"Niache nifanye kazi yangu."

Akawapa mgongo, akajaza chupa, akajifanya anatia kitu, kisha akazitikisa kwa nguvu. "Tayari. Subirini nusu saa, dawa ifanye kazi."

Wakasubiri, maskini, bila kuonja hata tone. Utii wao ulimchoma kuliko utani wote wa Ruan. Muda ulipotimia wakanywa kwa pupa. Tamsin alisema hana kiu.

Njia ilipanda kufuata kijito. Walipokata kona, juu ya pale walipoteka, walimkuta kondoo mfu katikati ya maji, tumbo limefura, sufu ikichezwa na mkondo.

"Mnaona?" Ruan akasema, ameziba pua. "Mshukuruni Tamsin. Bila dawa yake tungekuwa tumekunywa supu."

Wakacheka. Jory akampigapiga Tamsin begani, akainua chupa amalizie maji. Tamsin alijua akisema ataondolewa kikosini, na Mei itapita bila yeye. Lakini Jory alikuwa anameza. Akampokonya chupa.

"Usinywe. Sikutia dawa. Niliisahau nyumbani."

Jory akatema yaliyobaki mdomoni.

"Ukatuacha tusubiri nusu saa nzima?" Jory akauliza, sauti ndogo.

"Ungesema tu," Ruan akasema. "Tungechemsha. Sufuria si tunayo?"

Hilo hata halikuwa limempitia Tamsin akilini. Walimwaga maji yote, wakatembea koo kavu hadi barabarani, alikowangoja kiongozi wao, Bi Hannaford. Tamsin akamweleza mwenyewe, bila kupunguza neno. Bi Hannaford akawapa maji safi, akawapigia wazazi wote simu, akaonya kwamba atakayeumwa tumbo asifiche.

Jory aliumwa. Aliharisha siku mbili, akakosa shule. Jioni ya pili Tamsin alikwenda kwao, akakaa kando ya kitanda, akimtazama anavyokunywa maji ya chumvi na sukari kwa kukunja uso.

Jory alipopona, Bi Hannaford aliwaita wote.

"Babu yangu alichimba madini chini ya nyika hii," akasema. "Sumu ya mgodi iliingia kisimani. Wenye mgodi walijua. Wao waliletewa maji ya kunywa kutoka kwingine, wakakaa kimya, kwa kuwa kusema kungewatia hasara. Watoto wa wachimbaji ndio waliozikwa. Sijawasamehe, wala sitawasamehe."

Tamsin aliinamisha kichwa. Naye siku ile, kijitoni, alisema hana kiu.

"Nitazame, mwanangu. Wewe ulisema, ingawa ulichelewa. Wao hawakusema hata mbele ya makaburi. Kusahau kunampata kila mtu. Ila anayeshika maji ya wenzake ameshika uhai wao. Akikosea, aseme kabla hawajanywa, hata kama aibu itamla."

"Utanitoa kikosini?"

"Waulize waliokunywa."

Ruan akamtazama Jory. Jory akafikiri kidogo.

"Abaki," akasema. "Ila sufuria abebe yeye. Nzito hiyo."

Jumamosi iliyofuata, kwenye kijito, Tamsin alitua sufuria, akafungua kiganja mbele yao ili kila mmoja aone vidonge. Ndipo akavitia, chupa moja baada ya nyingine. Nusu saa ilipokwisha, akawa wa kwanza kunywa.