Tumbo la Blanketi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ramija alifagia uwanja, akawatoa mbuzi bandani, kisha akaanika mablanketi ya viraka kwenye uzio wa mianzi ili yapate jua. Katika kijiji cha Gunjalli, kando ya msitu, kila nyumba ilikuwa na mablanketi kama hayo. Nguo ikichakaa haitupwi. Inakatwa, inakuwa kiraka. Shati kuukuu la baba utalikuta limelala ubavuni mwa sari ya harusi ya mama, na vyote viwili vinakukinga na baridi.

Ramija alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo hakuwahi kuilalamikia. Alichokilalamikia kutwa kucha ni Dilshad.

Dilshad alikuwa binti wa mama yake mdogo. Wazazi wake walipofariki, alichukuliwa na Dastagir, ndugu wa baba yake, ambaye alimpa fimbo badala ya daftari na kumtuma msituni kuchunga nyati wake wa maziwa. Mama yake Ramija alivumilia kwa muda, kisha akaenda kumchukua. Basi Dilshad akaja na kifurushi chake, akalala mkeka mmoja na Ramija, akakaa naye dawati moja na, kosa lake kubwa kuliko yote, akawa hodari.

"Sogea huko, unanuka nyati," Ramija alimwambia siku aliyofika.

"Nyati huoga kila siku," Dilshad alijibu. "Wewe je?"

Tangu siku ile waliishi kama paka na panya, ila hakuna kati yao aliyekubali kuwa panya.

Majira ya baridi yalipoingia, Khairun, dada mkubwa wa Ramija, alijifungua mtoto wa kiume. Alikuwa amekuja kujifungulia kwao, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza, na baada ya arubaini angerudi kwa mumewe. Kwa Wasidi, kabila la watu wa kijiji kile, mtoto hapelekwi kwa baba yake bila blanketi lililoshonwa na wanawake wa kwao mama. Akienda bila hilo, mama yake atasimangwa mpaka mtoto aote ndevu. Tena mama mkwe wa Khairun alikuwa mtu wa kuonja maji ya bahari akasema hayajakolea chumvi.

Bibi Hajarabi, mama wa baba yake Ramija, ndiye aliyekuwa mshonaji wa nyumba. Lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akawa anashona hewa. Akawaita wasichana wote wawili.

"Mtashona nyinyi," alisema. "Kila mtu na pembe yake."

"Na huyu naye, bibi?" Ramija aliuliza. "Si wa nyumba hii."

"Anakula wapi?"

"Hapa."

"Basi ni wa hapa. Shika sindano, funga mdomo."

Blanketi la Wasidi halishonwi kuanzia katikati. Linaanzia ukingoni. Kitambaa kipana kinatandikwa chini, juu yake inalazwa sari kuukuu ili blanketi liwe zito, kisha viraka vinapangwa na kushonwa kwa mishono midogo midogo, kuzunguka na kuzunguka, mpaka washonaji wakutane katikati. Pale katikati wanapaita tumbo. Anayelifunga tumbo ndiye anayesifiwa kwa blanketi zima.

"Mwenye mkono ulionyooka ndiye atakayelifunga," bibi alisema.

Ramija hakuwa na shaka ni nani. Lakini siku chache baadaye bibi alikuja kupapasa kazi kwa vidole vyake. Alipita juu ya mishono ya Ramija.

"Hii ni mishono au nyayo za ngamia?"

Kisha akafika upande wa Dilshad, vidole vikatulia. "Hapa kuna mkono," alisema, akaondoka.

Bibi Hajarabi hakuwa mtu wa kusifu. Ramija alikuwa ameingoja kauli kama ile tangu ajue kutunga uzi, na sasa ilikuwa imemwagwa kwa mchunga nyati. Alichoka kwa hasira kuliko kwa kushona. Jioni ile hakugusa hata uji wake wa wimbi.

Kesho yake Dilshad alipokwenda kuteka maji, Ramija alifumua kipande cha mshono wa mwenzake, akaingiza vidole, akaisukuma ile sari ya ndani kuelekea katikati mpaka ikajikunja. Kisha akashona tena juu yake. Kwa nje hapakuonekana kitu. Siku iliyofuata akarudia, na nyingine tena, na kila mara moyo wake ulikuwa mwepesi kidogo.

Alichosahau ni tabia ya kazi yenyewe. Kwa kuwa mshono unatoka ukingoni kuingia ndani, kitambaa chochote kilichojikunja kinasukumwa mbele, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kikose pa kwenda. Arubaini ilipokaribia na wasichana wakakutana katikati, tumbo la blanketi lilikuwa limevimba kama andazi. Kila walipolibonyeza huku, liliinukia kule.

Bibi aliweka kiganja juu yake. Kisha akaufuata uvimbe kwa kidole, polepole, hadi upande wa Dilshad.

"Mkunjo unatokea kwako," alisema.

"Sikushona hivyo, bibi."

"Kwa hiyo limejishona lenyewe?"

Dilshad alimtazama Ramija. Ramija aliitazama sindano yake kana kwamba haijui.

"Kazi mbovu naisamehe," bibi alisema. "Uongo ndio sipokei. Siku ya soko Dastagir atapita hapa kwenda Haliyal. Akirudi, utaondoka naye."

"Mama, huyu ni mtoto," mama yake Ramija alisema. "Ukimrudisha kule, shule imekwisha."

"Nimekwisha sema. Khairun anakwenda kwa watu wenye ndimi za wembe, na blanketi lake ni hili. Mnataka nicheke?"

Khairun alikuwa ameketi mlangoni akimnyonyesha mtoto. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa pindo la sari yake.

Ramija alikuwa ameshinda. Alijaribu kufurahi, akashindwa.

Mchana uliofuata alimkuta Dilshad nyuma ya nyumba, amelitandaza blanketi mapajani, anafumua mshono mmoja mmoja kwa ncha ya sindano.

"Unafanya nini? Si unaondoka?"

"Naondoka. Mtoto ndiye anayebaki na baridi." Dilshad hakuinua kichwa. "Nilikuona."

Ramija alihisi masikio yakimchemka. "Uliniona wapi?"

"Nilisahau kata nikarudi. Ulikuwa umeingiza mkono ndani ya kazi yangu kama unatafuta yai."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Wewe ni mjukuu, mimi ni mdomo wa kulishwa. Ningesema, ningeambiwa mwongo na mwizi wa fadhila juu yake."

"Dilshad..."

"Ondoka kwenye mwanga wangu. Na usinionee huruma. Huruma yako ndiyo inayonuka, si nyati."

Ramija aliondoka. Kwa hasira alitamani amrudishie tusi zito zaidi, lakini hakulipata hata moja la kweli.

Siku ya soko ilifika. Alasiri Dastagir, aliyekuwa ameambiwa asubuhi alipopita, alisimama uwanjani na gunia lake la pumba begani. Hakuuliza Dilshad alikuwa na hali gani. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akaubinya, kama mtu anayekagua fahali mnadani.

"Mmemlisha vizuri," alisema. "Nyati wangu wamemkumbuka. Hata begi hilo la shule aliache, huko halina kazi."

Dilshad alivua begi lake. Alilikunja taratibu, akaliweka juu ya jiwe la kufulia, na uso wake haukuonyesha chochote. Ramija alilitazama begi lile. Alimwona bibi kizingitini, alimwona mama akigeukia ukutani, akajua kwamba neno moja lake lingemgeuza yeye kuwa mwongo wa nyumba nzima. Aliliogopa neno hilo kuliko kiboko. Dilshad akachukua hatua ya kwanza kuelekea njiani.

"Bibi," Ramija alisema. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyeliharibu blanketi."

Bibi alikunja uso. "Usinifanyie utakatifu. Unamtetea tu kwa kuwa anaondoka."

Kwa hiyo hata kuungama nako kulitaka kazi. Ramija alikimbia ndani, akalileta blanketi, akapiga magoti mbele ya bibi. Sehemu kubwa ilikuwa bado haijafumuliwa. Alikishika kidole cha bibi, akakiweka juu ya kiraka kilichotoka kwenye shati la kijani la baba.

"Papasa hapa. Upande huu ni mishono ya Dilshad. Sasa njoo huku. Hii ni ya nani?"

Kidole cha bibi kilikwenda, kikarudi, kikaenda tena. Kilitulia kwenye mshono mrefu, mpana, uliopinda.

"Ngamia," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilifumua wake, nikasukuma sari ya ndani, nikashona tena. Kuna hapa, na hapa, na hapa. Nilikuwa nataka aondoke."

Mama alimtazama Ramija kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo, na macho yale yalimuuma kuliko kipigo.

"Hayo ni mambo yenu ya wanawake," Dastagir alisema. "Twende, mtoto."

"Nenda wewe," bibi alimwambia. "Hapa hapana wa kuchukuliwa."

"Mlisema nimchukue."

"Nilisema mimi, na mimi ndiye ninayejirudi. Mzigo wako ni hilo gunia. Nenda nao salama."

Dastagir alitema mate pembeni, akanung'unika juu ya watu wasio na msimamo, akashika njia. Bibi Hajarabi akamgeukia Dilshad. Alitafuta pa kuanzia, maana kuomba radhi hakukuwa jambo alilolizoea.

"Nimekukosea," alisema. "Nilikuhukumu kwa kidole kimoja, sikukitembeza mpaka mwisho."

"Nimesikia, bibi," Dilshad alijibu. Hakutabasamu. Alilichukua begi lake kutoka kwenye jiwe, akalikung'uta vumbi, akalivaa tena.

"Na wewe," bibi alimwambia Ramija, "utafumua wewe, utashona wewe. Upande wake na wako. Dilshad atakaa hapa akuelekeze, na akikwambia fumua, unafumua."

Siku zile zilikuwa ndefu. Dilshad hakumhurumia hata kidogo. Alikaa karibu yake kama karani wa mahakama, anakula chapati ya mchele na achari, akisema, "Fumua." Ramija alifumua. "Umevuta uzi. Fumua." Ramija alifumua tena, meno yameumana, vidole vimevimba. Mara moja alitupa sindano, akasema hawezi. Dilshad aliiokota, akaitunga uzi, akamrudishia.

"Mlala kigodoro hajui ukali wa sindano," alisema. "Endelea. Huu wa mwisho ulikuwa mzuri."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia jambo jema, na alilisema kama anayelipa kodi.

Walipofika katikati, tumbo lililala sawasawa. Bibi aliwapa punje chache za mchele za kuweka chini ya kiraka cha mwisho, kama inavyofanywa, ili mtoto asikose kushiba.

"Nani anafunga?" aliuliza.

"Dilshad," alisema Ramija. Ilimuuma kusema hivyo, lakini alisema.

Dilshad aliweka mchele, akalifunga tumbo, kisha akashona kwenye pembe nne maua manne ya vitambaa vilivyokunjwa, ambayo bila hayo blanketi huitwa uchi.

Mama mkwe wa Khairun alifika siku ya arubaini na uso wake wa kila siku. Alilichukua blanketi, akaligeuza chini juu, akavuta nyuzi, akabonyeza tumbo kwa ngumi. Watu wote walimtazama. Alirudia kubonyeza, maana hakuamini.

"Mtoto afunikwe," alisema mwishowe. "Nje kuna upepo."

Khairun alimfunika mwanawe, akaondoka kichwa juu. Wasichana walibaki wamesimama mbalimbali uwanjani, kila mmoja akijifanya anatazama barabara.

"Njooni hapa," bibi aliwaita. Walipoketi, aliwashika wote wawili magoti, kwa sababu hakuwaona vizuri na alitaka kuwa na hakika nao.

"Sikuwaambia mpendane. Upendo hauletwi kwa fimbo. Lakini sikilizeni, na mimi nimo ndani ya somo hili. Ramija alificha kosa dogo pembeni, akadhani limekaa huko huko. Halikukaa. Lilitembea mpaka katikati ya nyumba yetu, karibu litutolee mtoto mlangoni. Na mimi nikalisaidia kutembea, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kumpata mwenye makosa. Ukweli ukisemwa mapema humuuma mtu mmoja. Ukicheleweshwa, huwauma hata wasiohusika."

"Ndiyo, bibi," Ramija alisema.

"Usinijibu mimi. Mjibu yeye."

Ramija aligeuka. Maneno aliyokuwa ameyapanga yalimpotea yote, yakabaki mawili tu.

"Nisamehe, Dilshad."

Dilshad alimtazama usoni.

"Bado nina hasira," alisema. "Lakini usiku sogea kidogo. Mkeka ni mwembamba, na wewe unalala umetanua miguu."

Usiku ule Ramija alisogea.