Vidole Vitatu vya Nani?

Kitulizi kilishuka kutoka darini bila mlio, kikakunjua vidole vyake vinane vya mpira laini na kuushika mkono wa mvulana aliyepasuliwa ngiri. Mwanga wa kijani ukapita juu ya ngozi kutafuta nukta, yaani zile sehemu ndogo za mwili ambazo zikibonyezwa sawasawa hutuliza maumivu na kichefuchefu. Vidole vikabonyeza, vikapitisha umeme mwepesi kama sisimizi anayetembea. Mvulana akanyamaza kulia.

"Asante, Shangazi," akaiambia mashine.

Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni, na roho ikamuuma. Shangazi alikuwa yeye! Kwa miaka ishirini na sita, katika hospitali hiyo ya watoto mjini Tabora, kila mtoto aliyetoka chumba cha upasuaji alikandwa nukta na vidole gumba vya muuguzi huyu. Sasa, mwaka huu wa 2091, wodi nzima inaliita pira lile kwa jina lake. Kumwonea mtu wivu kunaeleweka. Kuuonea wivu mpira na nyaya ni aibu, ndiyo maana hakumwambia mtu.

Tena mashine ilijifunza kwake. Injinia Aikande, binti mpole mwenye haraka zake, alikaa naye miezi mitatu akiandika kila alichosema. Siku ya Jumatatu alimletea maelekezo ya kitulizi ayahakiki. Nyamizi akasoma: nukta ya kichefuchefu, vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono, sentimita tano.

Maneno yalikuwa yake. Ila hakuwahi kusema vidole vitatu vya nani, kwa sababu mikono yake ilikuwa inajua yenyewe: hupimwa kwa vidole vya mgonjwa, na mtoto mdogo ana vidole vidogo. Aikande alikuwa amepima vya Nyamizi, akaweka sentimita tano kwa watoto wote. Kwa mvulana wa miaka kumi na miwili tofauti ni ndogo, haionekani. Kwa mtoto mdogo zaidi, kitulizi kingebonyeza pasipo na kitu.

Nyamizi aliliona kosa papo hapo, na kusema kweli alifurahi. Ngoja kiumbuke, aliwaza, wataniita wenyewe. Akasaini.

Alhamisi asubuhi waliita kweli. Mwasiti, binti wa miaka minne, alikuwa ametolewa tonsili. Kitulizi kilimshika mkono na kubonyeza, lakini mtoto akatapika. Aikande akaongeza nguvu ya umeme. Mtoto akatapika tena, safari hii na damu.

"Jamani, mwanangu!" mama yake akapiga kelele.

Nyamizi alikuja mbio. Aliisukuma mashine kando, akakichukua kiganja cha kulia cha Mwasiti, akavilaza vidole vyake vitatu vidogo juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Pale vilipoishia, kati ya kano mbili, akaweka dole gumba na kubonyeza taratibu. Mtoto alihema, akameza mate, akatulia. Daktari alipomulika koo alikuta kidonda kimeachia kwa kutapika kule. Ingebidi mtoto arudishwe chumba cha upasuaji kushonwa upya.

"Mama, umefanyaje?" Aikande aliuliza.

"Nimepima kwa vidole vyake. Ninyi mmeweka vyangu."

Aikande alishika kichwa. "Vidole vitatu! Nami nikapima vya kwako! Basi leo hii naandika kwamba kosa umeligundua wewe. Umetuokoa, mama."

Mama Mwasiti aliudaka mkono wa pili wa Nyamizi, machozi yakimtoka. "Mungu akubariki, Shangazi. Akupe umri mrefu."

Hilo ndilo alilokuwa akilitamani wiki nzima, na angeweza kulipokea akaenda zake kunywa chai. Lakini mtoto alikuwa akimtazama, mdomo una damu, kifundo bado kimo chini ya dole lake. Nyamizi aliona haya hadi masikio yakawaka.

"Sikuligundua leo," alisema. "Niliona Jumatatu."

"Uliona nini?" mama wa mtoto akauliza.

"Kwamba mashine itawakosea wadogo. Nikasaini nikanyamaza. Nilitaka ishindwe."

Wahudumu wakaja na kitanda cha magurudumu. Mama Mwasiti aliuachia mkono wa Nyamizi, akakibandua mwenyewe kile kidole gumba kwenye mkono wa mwanawe, taratibu, bila kumtazama mwenye kidole.

"Mdogo wangu," akamwambia Aikande, "hiyo mashine yako unaweza kuirekebisha?"

"Naweza, dada. Ni suala la nusu saa."

"Basi irekebishe. Mwanangu akitoka huko ndani imshike hiyo. Huyu asimguse."